Kisu cha Pili

Siku Mwasiti alipokutana na Kataliko, mji mzima wa Goma ulikuwa barabarani.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa Mei, mwaka 2021. Jumamosi iliyotangulia mlima ulikuwa umetapika moto, ukateremka na kumeza nyumba za watu upande wa Munigi. Alfajiri hiyo redio ikatangaza kwamba moto mwingine ungeweza kufumuka chini ya mji wenyewe, mitaa ya katikati ihame. Watu wakafurika njia ya Sake, magodoro vichwani, masufuria mgongoni, mbuzi kwa kamba. Mwasiti alikuwa kati yao, mtoto wa siku nne amemfunika kwa shuka ya hospitali. Kila hatua kumi alisimama, akashika tumbo, akaendelea.

Lori likapiga honi nyuma yake. Dereva alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, koti la ngozi limechubuka viwiko, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama, kitenge yako inatoka damu."

"Najua."

"Umeumia?"

"Walinipasua Jumapili." Hakumtazama. "Pita, papa. Unazuia batu."

"Mbele kuna nafasi moja. Nilikuwa nimemuwekea kuku."

Mwasiti akageuka. Kweli, kwenye kiti cha abiria alikaa kuku mwekundu, miguu imefungwa, anatazama mbele kama mkubwa wa serikali.

"Na kuku atakubali?"

"Nitaongea naye. Ananishinda akili, ataelewa."

Kutoka Goma hadi Sake si mbali, lakini siku hiyo lori lilitambaa kwa saa saba. Kabla ya kufika, nyuzi za tumbo zilikuwa zimeachia. Mwasiti alilazwa katika darasa la shule iliyopokea wakimbizi, juu ya saruji, kidonda kikitoa usaha, na siku ya tisa homa ikamchukua mtoto. Baba wa mtoto huyo alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Walikale tangu mimba ikiwa changa, na namba yake ya simu haikuita tena. Aliyekuja ni dereva. Alikuja na mnesi wa kumsafisha kidonda. Akaja tena na maziwa. Akaja tena na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Mara ya nne hakuleta kitu.

"Nimekuja tu," akasema.

"Kuja tu ni nini?"

"Ni kuja bila sababu."

"Mutu wa Butembo hana safari bila muzigo."

"Ndiyo maana naogopa," Kataliko akajibu, na Mwasiti, ambaye hakuwa amecheka tangu mlima ulipuke, akacheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Mapenzi yao yalianza hapo. Mwaka uliofuata walikuwa wanakaa pamoja mtaa wa Katoyi, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Ndoa haikufungwa. Baba yake Mwasiti, Muzee Useni, ambaye babu zake walitoka Kasongo na biashara zao, alisali sala tano kwenye mtaa wake wa Birere na kusema binti yake hataolewa kanisani. Mama yake Kataliko, kule Butembo, alituma neno kwamba mwanawe hatavuliwa ubatizo kwa ajili ya mwanamke. Wapenzi wakasubiri wazazi walainike, wazazi nao wakasubiri wapenzi wachoke.

Mimba ilipokuja, katikati ya mwaka 2024, vita ilikuwa imekwisha kuuzingira mji. Milio ya mizinga kutoka Sake ilisikika wakati watu wanakula. Pembeni ya njia, kuanzia Ndosho hadi Lac Vert, mahema ya waliokimbia Masisi yalikuwa yamebanana kama meno. Jioni moja Mwasiti alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, akasema bila kuinua macho:

"Kata, sikia. Hii mara sitapasuliwa."

"Cherie, hiyo ni kazi ya munganga."

"Muke mwenye kidonda hakimbii. Nilishajaribu. Vita ikiingia nikiwa na nyuzi kwenye tumbo, mimi nitafia njiani na mutoto atafia mikononi mwangu. Nataka nizae, nisimame, nitembee."

Kataliko alimwondolea jani la sombe lililomnasa kwenye nywele, akalishika muda mrefu, akaingia ndani. Mwasiti alidhani amekubali.

Hospitalini walikuwa watu wawili waliomjali, na hawakukubaliana. Mmoja alikuwa Mama Clotilde, mkunga mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alipitia madaftari yote ya zamani hadi akakuta jina la Mwasiti. Kovu lilikuwa la chini, mkato wa kulala, na sababu ya kupasuliwa ilikuwa moja tu: mtoto yule alitanguliza matako. Nyonga za mama hazikuwa na kasoro, kwa hiyo aliona anaweza kujaribu kuzaa mwenyewe. Wa pili alikuwa Dokta Mushagalusa, mtu wa Bukavu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa plasta.

"Aliyepasuliwa anapasuliwa tena," alisema. "Hiyo ndiyo sheria yetu hapa."

"Nimesikia kwingine wanaacha mama ajaribu, dokta," Mwasiti akasema.

"Kwingine kuna damu ndani ya friji. Kuna mashine inasikiliza moyo wa mutoto bila kulala. Kuna wapasuaji wawili, watatu. Hapa niko mimi. Kovu ikiachia, nina dakika kidogo sana, na hizo dakika naweza kuwa nimeinama kwenye tumbo ya mwingine."

"Na kama vita inaingia wiki ile mumenishona?"

Dokta akavua miwani, akaisugua kwenye koti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekwisha kuzika wengi. "Mimi ni munganga, mama. Mimi si jenerali."

Akaandika tarehe: Ijumaa, tarehe ishirini na nne Januari. Mwasiti akakataa kuweka sahihi. Kataliko alikuwa amesimama nyuma yake, akizungusha ufunguo kidoleni.

Katikati ya Januari Kataliko akavuka ziwa kwenda Minova kutafuta maharage, kwa sababu njia za magari zilikuwa zimefungwa na lori lake lilikuwa limelala miezi. Jumatatu iliyofuata Mwasiti akaenda kupimwa, amevaa gauni la bluu alilolipanua ubavuni kwa mkono wake mwenyewe. Mama Clotilde akafungua faili, akasita.

"Mume wako alisaini."

"Alisaini nini?"

Mkunga akageuza karatasi. Chini ya maneno ya kukubali upasuaji ilikuwepo sahihi ya Kataliko, ile kubwa yenye mkia, ambayo Mwasiti aliifahamu kwenye karatasi za mizigo.

Alimpigia papo hapo, amesimama uani kati ya wanawake waliokuwa wanaanika nguo.

"Kata, ulisaini tumbo ya nani?"

Upande wa pili upepo wa ziwa ulivuma. "Mwa, nilitaka kukuambia nikirudi."

"Nakuuliza, tumbo ya nani?"

"Yako."

"Karatasi ya mahindi unaisoma mara mbili kabla ya kusaini. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

"Cherie, nisikilize."

"Usiniite cherie. Mulikaa wanaume wawili, mukapanga siku ya kunikata, mimi nikiwa nyumbani nakupikia fufu."

"Sikutaka nikupoteze."

"Umenipoteza," Mwasiti akasema, akakata.

Jioni ile alikunja nguo zake kwenye begi, akaenda Birere kwa baba yake. Muzee Useni alitazama begi, akatazama tumbo, akamwambia tu, "Chumba chako kiko." Simu ikaita hadi betri ikaisha, na Mwasiti hakuichaji hadi kesho yake. Alipoichaji, namba ya Kataliko haikupatikana. Minova ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi asubuhi hiyo.

Sasa hasira ikachanganyika na hofu, na hakujua ipi ilimnyima usingizi. Aliwauliza waliofika kwa mitumbwi huko Kituku, wakamwambia watu walikimbilia milimani. Alhamisi Sake nayo ikaanguka. Waliokuwa kwenye mahema wakaingia mjini na magodoro yao, wakalala kwenye veranda za maduka. Mchana wa siku hiyo simu ikatikisika: ujumbe wa sauti. Mwasiti akaingia chumbani, akafunga mlango, akaweka simu sikioni. Kataliko aliongea polepole, anahema, kama mtu aliyepanda kilima.

"Mwa. Niko muzima, niko huku juu na batu wa Minova. Sijui kama hii itafika. Kuna kitu sijakuambia. Ulijua nilikuwa na yaya yangu, dada yangu mukubwa, Charline, na kwamba alikufa. Sikukuambia namna alikufa. Alikuwa amepasuliwa kwa mutoto wa kwanza. Wa pili akasema atazaa nyumbani, Kirumba. Uchungu ilianza, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, najua kuendesha kidogo. Wakaniambia mupeleke Butembo. Kovu iliachia njiani, Mwa. Nilimusikia nyuma yangu. Niliendelea kuendesha, sikujua kama nisimame ao niende. Nilipofika alikuwa baridi. Munganga aliponipa karatasi, nilisaini kabla hajamaliza kuongea. Sikukufikiria wewe. Nilifikiria ile barabara. Ni makosa. Nilipaswa kukuambia wewe, si kuambia karatasi. Zaa vile unataka. Ila, nakuomba, usizalie nyumbani. Zaa karibu na kisu, hata kama hawakigusi."

Mwasiti alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu alilia, na mtoto akamgeukia tumboni kama aliyeguswa bega. Alijaribu kupiga. Mtandao ulikuwa umekatika.

Ijumaa, siku ile ile aliyopangiwa, Muzee Useni akambebea begi hadi hospitalini. Mwasiti alikuwa ametayarisha maneno yake njia nzima: nitazalia hapa, kovu likiachia nipasueni, likishika niacheni. Hakupata wa kumwambia. Korido ilikuwa imejaa majeruhi kutoka Sake, wanajeshi na raia, wawili wawili kwenye godoro. Dokta Mushagalusa akapita mbio, koti limeganda damu kifuani, akamwona, akasimama kidogo tu.

"Leo hatupasui aliyepangiwa," akasema. "Chumba cha upasuaji ni cha majeruhi. Kaa karibu. Omba usianze."

Akaanza Jumatatu, alfajiri, siku ambayo wapiganaji waliingia mjini.

Kwenye kitanda cha pembeni alikuwa Dancille, mwanamke wa Masisi aliyeletwa kutoka hema la Lac Vert. Uchungu wake ulikuwa umeanza tangu Jumapili asubuhi, na mtoto hakushuka. Umeme ulikuwa umekatika, bomba zimekauka. Kila bomu lilipoanguka, vioo vya madirisha vilicheza, na wanawake waliokuwa wamejifungua wakaingia na watoto wao chini ya vitanda. Mama Clotilde alikuwa peke yake na wanawake wanane. Alitembea akiwa ameinama, pembe yake ya mbao ya kusikilizia mtoto imechomekwa kwenye mfuko wa aproni.

Alipomfikia Mwasiti aliweka kiganja juu ya kovu.

"Hapa panauma?"

"Panauma pote, mama."

"Uchungu ukipita, hapa panabaki na maumivu?"

"Hapana. Panatulia."

"Basi tunaendelea. Pakianza kuuma bila kupumzika, unaniita hata kama niko chini ya kitanda."

Kutoka kitanda cha pili Dancille akasema, "Mama, mimi panauma bila kupumzika. Waambie wanipasue."

Clotilde akaenda kwenye mlango wa upasuaji. Akarudi. Wako watatu mbele yako, akamwambia, ngoja. Akaenda tena kabla ya adhuhuri: wako wanne. Mara ya tatu walimfungulia kidogo tu, akaona mguu wa mtu ndani ya beseni, akarudi. Dancille alikuwa ameacha kulia. Alimwangalia Mwasiti kwa macho makavu.

"Wewe uliwakatalia kisu," akasema. Habari zilikuwa zimezunguka wodini. "Ungenipa mimi zamu yako."

"Ningekupa," Mwasiti akajibu, na ilikuwa kweli. Akanyoosha mkono, wakashikana vidole juu ya nafasi iliyokuwa kati ya vitanda, hadi uchungu uliofuata ukawaachanisha.

Mwasiti aliogopa mambo mawili. Aliogopa kovu, na kila maumivu yalipopanda aliliwazia kama mshono wa gunia lililojazwa kupita kiasi. Na aliogopa kwamba Kataliko alikuwa amekufa mlimani bila kujua kuwa amesamehewa. Mchana, saa nane hivi, milio ikiwa imehamia upande wa uwanja wa ndege, Clotilde akamwinua, akamchuchumaza, akamwegemeza kifuani kwake.

"Sasa sukuma. Usisukume kwa shingo, sukuma kwa chini. Kama unasukuma lori."

Mwasiti akasukuma. Kitu kikawaka moto, kikapanuka, akadhani ndilo kovu, akapiga kelele jina la Kataliko, na mtoto wa kike akatelezea kwenye mikono ya mkunga. Akalia papo hapo. Clotilde akabonyeza tumbo, akatazama damu, akatazama tena, akasubiri.

"Limeshika," akasema.

Dancille aliingizwa chumba cha upasuaji jua likitua. Mtoto wake alikuwa amenyamaza tangu mchana, na kizazi chenyewe kilikuwa kimepasuka, kikaondolewa. Yeye akaishi. Alirudishwa kwenye kitanda kile kile, akageukia ukuta.

Jumatano Dokta Mushagalusa alifika wodini kwa mara ya kwanza. Alikuwa hajanyoa, na alisoma faili ya Mwasiti amesimama, kama anasoma barua ya mtu mwingine.

"Kama ingeachia," akasema, "nisingekuja. Unajua hilo?"

"Najua, dokta."

"Sitaki uende kuambia wanawake kwamba nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Na mimi sikukosea."

Dokta akatazama kitanda cha pili, mgongo wa Dancille. "Hapana," akasema taratibu. "Hukukosea." Akarudisha faili, akaenda.

Kataliko alifika Jumamosi kabla ya saa sita. Alitembea kwa miguu kutoka Minova, kupitia Sake, kwenye njia ambayo waliouteka mji walikuwa wameifungua. Koti lake alivuliwa kizuizini. Miguuni alivaa kandambili mbili zisizofanana, moja ya mwanamke. Katoyi alikuta nyumba imetobolewa ukuta na mlango hauko. Birere Muzee Useni alimpa maji, akamwonyesha njia ya hospitali, na akamwita mwanangu, neno ambalo hakuwahi kumwita.

Alisimama mlangoni mwa wodi. Mwasiti alimwona kwanza, akamwacha atafute kitanda hadi kitanda. Alipomfikia akapiga magoti, kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha.

"Ulisikia sauti yangu?"

"Nilisikia. Mara tatu."

"Walikupasua?"

"Hapana."

Kataliko akaweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro. Mwasiti akamwekea mkono kwenye shingo, penye vumbi la Sake na jasho.

"Ungeniambia habari ya yaya yako," akasema. "Ningekuelewa. Bado ningekataa, lakini tungekataa pamoja."

"Sikujua namna ya kuanza."

"Ulianza vizuri kwenye simu."

"Mwa, nimeongea na muzee. Nimemwambia nataka kukuoa. Akitaka msikitini, nitakuja msikitini nimesimama nje. Mama yangu akinuna, atanuna akiwa amebeba mujukuu. Unanikubali?"

Mwasiti alitazama mtoto, akatazama kitanda cha pili. "Nakukubali. Lakini leo usiniombe nifurahi. Yule pale aliomba kisu siku nzima, hakukipata. Mimi nilikikataa miezi yote, na wao hawakuwa nacho. Tulikuwa tumeshikana mikono, Kata."

Kataliko alimchukua mtoto, akamnusa kichwani, akamrudisha. Kisha akainama chini ya kitanda, akavuta beseni la vitambaa vya uzazi vilivyokuwa vimekaa tangu Jumatatu, vimekakamaa kwa damu, kwa sababu bomba zilikuwa bado kavu.

"Acha, papa," Mwasiti akasema. "Hiyo si kazi ya mwanaume. Batu watakucheka."

"Wacheke."

Akateremka hadi ziwani, ambako nusu ya mji ilikuwa inachota maji ya kunywa. Mbali na wachotaji, pembeni ya mawe, wanawake waliokuwa wanafua walimwona dereva wa lori anachuchumaa kati yao na sabuni ya kuazima, wakasogeza mabeseni yao kumpa nafasi. Hakuna aliyecheka. Wiki ile mjini miili ilikuwa bado inaokotwa, na kila mtu alikuwa na damu ya kufua.

Alirudi jua limeanza kulegea. Akatandaza vitambaa kwenye madirisha yasiyo na vioo, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa viganja. Mwasiti akaona kwamba vilikuwa vingi kuliko vyake. Kitenge cha kijani hakikuwa chake, wala shuka yenye maua. Akageuka, akakuta chini ya kitanda cha pili beseni halipo.

Dancille alikuwa amejigeuza kutoka ukutani, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alitazama kitenge chake kinapepea dirishani, maji yakichuruzika kwenye saruji.

"Aksanti, shemeji," akasema.